Asilimia Themanini

Nguzo nane za kuchaji. Mbili zimekufa,
zimevishwa mifuko ya plastiki kama maiti wa ajali.
Zimebaki sita, na sisi magari arobaini na moja,
kusini mwa Changsha, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa mwezi,
mvua ikiganda kabla haijaamua kuwa theluji.

Mimi ni wa kumi na saba.
Najua, maana Bi Tan Yuzhen,
ambaye hakuna aliyemteua,
alichana boksi la machungwa vipande vipande,
akaandika namba kwa rangi ya midomo,
akapita dirisha kwa dirisha:
"Hii yako. Ukiipoteza usinililie."
Yake aliibana kifungoni: thelathini na nne.

Kutangulia si kufika, naam,
lakini mwambie hayo mwenye gari jeupe
aliyeingilia mlango wa kutokea
akidai betri imebaki asilimia tatu.
"Tatu?" akauliza mzee Ouyang, ndara juu ya soksi.
"Mimi ninazo mbili, na bata watatu hai kwenye buti."
Bata wakashuhudia.
Gari jeupe likarudi nyuma polepole,
kama mtu aliyekuwa anatafuta choo tu.

Nguzo ya nne, gari la bluu
limejaa tangu saa tatu. Mia kwa mia. Mwenyewe hayupo.
Waya wa mtu ni kama sufuria ya jirani:
unaisikia harufu inaungua,
na bado unasita kuishika.
Tukalizunguka. Tukakohoa.
Kijana mmoja akapiga honi, akaona haya,
akatazama kiwiko chake kana kwamba ndicho chenye makosa.
Hatimaye mwenyewe akatoka mgahawani,
midomo inang'aa mafuta ya pilipili,
akaona nyuso zetu.
Hakusema samahani. Alikimbia.
Tukaipokea mbio yake badala ya samahani.

Basi ikaamuliwa pale pale, mvuani:
themanini. Ikifika themanini, ng'oa, ondoka.
Zaidi ya hapo umeme hutambaa,
na anayeungoja utambae
anakunywa dakika za wenzake.
Nilinyoosha mkono. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha.

Subira huvuta heri, wanasema.
Huvuta pia miguu, kibofu, na vibanzi vya mbegu za alizeti sakafuni.
Nilizima joto ili kubakiza kidogo.
Ruoxi, binti yangu, alichora nyumba ya bibi yake
kwenye ukungu wa kioo,
kisha akalala, na nyumba ikachuruzika.

Saa sita na nusu usiku, zamu yangu.

Sabini na nane.
Sabini na tisa.
Themanini. Mkono wangu ukaenda mlangoni, ukatulia huko.
Themanini na moja.
Mama yuko ng'ambo ya milima, na baridi hula betri.
Themanini na tatu.
Nikaiinamia simu kama mtu anayesoma habari ya msiba.
Simu ilikuwa imezimika.
Saa tano nzima nilikuwa nawalaani watu wa namna hii,
kumbe nikiwafahamu vizuri kabisa.
Themanini na sita.

Kidole kikagonga kioo.
Bi Yuzhen hakutazama namba.
Alinyoosha chungwa.
"La mtoto," akasema. "Akiamka."
Akabaki amesimama, maji yakimtiririka kidevuni,
hana neno la pili,
kama anayeweza kusimama hapo hadi mia.

Nikang'oa.
Wa kumi na nane akawasha taa mara mbili.
Asante au lawama, sijui hadi leo.

Tulifika kwa mama kukipambazuka,
betri imebakiza ishirini na mbili.
Toa zile sita: kumi na sita.
Zingetosha na kusaza.
Kipande cha boksi kimo bado mfukoni mwa koti;
nikikigusa, kumi na saba
inaniachia wekundu kwenye vidole.