Asilimia Sitini na Nane

Simu ya Nyemo ilirudi toka hospitali
ndani ya bahasha ya kaki,
pamoja na mkanda, na funguo mbili
za nyumba ambayo bado haina mlango.

Niliiweka chaji baada ya matanga.
Kitabu kikafunguka chenyewe, katikati ya sentensi,
mhasibu amesimama mbele ya sefu, mkono hewani,
na chini ya ukurasa mstari wa buluu
uliotambaa, ukatambaa, ukakoma:
asilimia sitini na nane.

"Siku kumi na tisa mfululizo, Nyemo! Usikatishe."

Amekatisha.
Lakini simu haina habari. Kila usiku saa mbili inalia:
"Tumekukumbuka. Dakika tano tu zinatosha."
Tano, kaka yangu.
Mama anauliza nani anapiga. Nasema, mtandao tu.

Huku Mpunguzi hesabu zetu ni za mkaa.
Mstari wa mizabibu ukishapogolewa
napiga alama kwenye mlango wa ghala:
moja, mbili, tatu, nne, zimesimama,
ya tano inalazwa juu yao.
Shuleni nilidhani ni fito za uzio.
Mwaka huu nimeiona ilivyo:
wanne wanabeba, mmoja amelala,
na vumbi la Agosti linawafuata nyuma.

Nikautupa mkaa. Siku mbili sikuhesabu kitu,
na mizabibu ikaendelea kuwa mingi vilevile.

Mjini, wanaonisalimia huuliza nyumba kwanza.
"Ile ya Nghong'ona imefika wapi?"
Imefika lenta.
Mwaka juzi lenta, mwaka jana lenta.
Fundi Mbeleje akipita huupapasa ukuta kwa kiganja
kama anayepima homa, husema "bado kidogo,"
na kidogo chake hakijawahi kupungua.
Mbuzi wa jirani huingilia dirishani, wakalala sebuleni.
Wao wanaona imekwisha.

Usiku mmoja, bakuli la mlenda pembeni,
nikasoma ukurasa mmoja. Mmoja tu.
Namba ikaruka: sitini na tisa.
Nilishtuka kama niliyemsukuma mtu.
Nikarudi nyuma haraka, ukurasa, ukurasa,
na simu ikauliza kwa upole wa karani:
"Ungependa kurudi mahali pa mbali zaidi ulipofika?"
Ndiyo. Hapana.
Kidole kikabaki hewani kama mkono wa mhasibu.

Aliyefika ni nani?

Ndipo nilipokumbuka ubishi wetu.
Tulikuwa tunapanga zabibu kwenye kreti, naye akiapa:
mwizi ni huyo mhasibu, ana kalamu mbili mfukoni,
mtu gani wa haki anatembea na kalamu mbili?
Nikamwambia, maliza kwanza.
Akasema, nitamaliza, kwani nakimbizwa?

Basi sasa nasoma kwa kipimo cha shamba:
mstari mmoja ukipogolewa, kurasa tatu.
Mlangoni nimeurudia mkaa, ila ya tano siilazi,
naisimamisha pamoja na wenzake.
Hesabu zinanivuruga. Yaledi, mwanangu, ananicheka,
anasema mlango umeota nywele.

Tuko tisini na moja.
Najua mia ikifika kitakachotokea:
vikaratasi vya rangi vitanyesha kwenye kioo
na maandishi makubwa: Hongera, Nyemo. Umemaliza.
Sina haraka na mvua hiyo.

Bado mistari sita, ile ya upande wa korongo,
na mkasi umeanza kugoma.
Na si mhasibu, Nyemo.
Nilishaona tangu themanini na nne.
Ni yule mama wa chai,
yule uliyesema anafanana nami.