Mstari Uliolala

Fundi Shebwana alinifunza kwanza kuiogopa chaki.
"Ukichora umeshasema," aliniambia,
"na kitambaa hakisahau."
Kibanda chetu Kibokoni kimebanwa
na muuza viazi karai upande mmoja,
upande wa pili ngazi zisizojulikana zinapanda kwa nani.
Cherehani mbili, tepu tatu,
na kioo kilichopasuka kona hadi kona,
kila mteja hujiona amekatwa mshazari.

Nikajifunza.
Mstari wa wima humrefusha mfupi,
jicho huupanda kama mkwezi.
Wa mlalo humtandaza mtu,
jicho huenda likarudi, kama mwenye kufagia ua.
Mshazari ni mjanja, hautulii,
nguo yake hucheka kabla ya mwenyewe.
Na mshono wa bega ukishuka inchi moja tu
mtu huonekana anadaiwa.

Siku ile Bi Thureya alikuja
eda imemtoka juzi,
mkononi kikoi kilichokunjwa ndani ya gazeti.
Cha marehemu.
Cheupe kilichogeuka rangi ya tui,
ukingoni mistari saba, buluu na chungwa,
mmoja umefifia pale kiwiko kilipokuwa kikiegemea.
"Nishonee gauni. La harusi ya Raya."

Fundi alimpima kwa macho,
kifua, tumbo, nyonga,
akakigeuza kitambaa robo. Mistari ikasimama.
"Hivi, bibi. Itakupunguza."

"Inipunguze?"

Muuza viazi akaacha kukoroga unga wake.

"Miezi minne na siku kumi nimepungua, Shebwana.
Nimepungua kitandani, nimepungua sahanini,
hata jina limenipungua, naitwa yule mjane.
Nawe watoa chaki unipunguze?"

Akakitwaa, akajizungushia kiunoni juu ya buibui,
mistari ikalala, ikamzunguka.
"Msellem akijifunga hivi.
Kutwa yu ghalani Kilindini, rula mkononi,
apiga mistari daftarini mpaka macho yamuwasha.
Akirudi hakutaka kitu kilichosimama,
hata kiti.
Ilaze."

Fundi alinyamaza. Kisha akanipa mimi mkasi,
mimi, msichana wa pindo na vifungo.
"Kata wewe. Mkono wangu una mazoea."

Umeme ulikuwa umekatika.
Nilikata kwa tochi ya simu niliyoibana kwa meno,
mate yakinitiririka kidevuni,
na mahali fulani kati ya kwapa na kifua
mkasi ulinisaliti:
mstari ukapanda kushoto, upana wa kidole.

Alipokuja kujaribu nilishaandaa wembe wa kufumulia
na uongo wa kusema.
Alisimama mbele ya kile kioo.
Ufa ukateremka huku, mstari ukapanda kule.
Akaugusa pale ulipopotoka.
Akaugusa tena.
"Acha," akasema. "Wala hakujua kujifunga sawa.
Kila siku kushoto kulikuwa juu."

Usiku wa harusi nilitumwa na kikopo cha pini, likitokea la kutokea.
Ukumbini wanawake walikuwa wima,
kila gauni limeshonwa limfiche mwenyewe:
mikunjo mirefu, zipu zenye kushika pumzi,
vimetameta vilivyopangwa safu kuelekea dari.
Akaingia Bi Thureya,
akaujaza mlango.
Mistari saba kifuani, saba pindoni,
mipana kama mtu aliyejinyoosha kitandani kwake,
na ule mmoja, mwovu wangu, umeinua bega.
Jicho langu likaenda, likarudi,
likaenda tena.
Raya, mwenye mkono mzima wa hina mbichi,
alisahau akamshika mamake.
Doa lile halikutoka. Hatukuombwa tulitoe.

Asubuhi fundi aliniuliza, bila kuinua kichwa,
"Enhe. Lilimnenepesha?"
"Sana," nikasema.
Akaulowesha uzi kwa ulimi, akaupeleka sindanoni,
akalikosa tundu,
akaulowesha tena.