Kisanduku cha Ishirini na Saba

Hati ya kuagwa jeshini ina visanduku vingi.
Kuna cha kimo, kuna cha rangi ya macho.
Cha ishirini na saba kinauliza: nishani?
Na karani mmoja, mwaka wa hamsini na tatu,
huenda ana njaa, huenda saa ya kufunga droo imefika,
akapiga chapa neno moja:
HAKUNA.

Baba yangu, Anselmo Bazurto,
ameishi na neno hilo miaka sitini na sita
kama mtu aishivyo na jirani mbaya:
hawasalimiani, hakuna anayehama.

Alirudi Pueblo, akaingia kiwanda cha chuma,
akayeyusha chuma cha watu zamu ya usiku
huku chake mwenyewe kimelala pajani,
kidogo kama punje ya mahindi,
kipande cha Korea.
Mashine ya uwanja wa ndege wa Denver inakijua.
Kila tukisafiri, hulia.
Mlinzi humpapasa paja, humwomba radhi.
Jeshi tu ndilo halina habari.

Nikaandika barua.
Wakajibu: jalada liliungua, moto wa sabini na tatu.
Nikaandika tena. Wakajibu: leta ushahidi.
Nikapeleka picha ya eksirei.
Wakajibu, kwa adabu ile iumayo kuliko tusi,
kwamba chuma hakisemi kilitoka wapi.

"Acha, Rosaura," Baba akasema, akimenya chungwa.
"Sikwenda kule kununua utepe."
Lakini nilimwona siku ya gwaride la Novemba,
wenzake vifua vikilia kama njuga,
yeye kafunga zipu ya koti hadi kidevuni,
na jua lilikuwa kali.
Mwenye kovu usidhani kapoa.

Aliyetufungulia mlango ni Orville Tveit
wa Minot, Dakota ya Kaskazini,
miaka themanini na minane,
mwandiko wake kama wa mtu aliye juu ya trekta.
Kurasa tatu, mbele ya kamishna wa viapo:
*Nilimbeba mimi. Alikuwa mzito.
Alinitukana kwa Kihispania, nami nikamtukana kwa Kinorwe,
tukaelewana hadi hemani kwa daktari.
Mtafuteni kwenye S.
Sajini wetu alikuwa na vidole vilivyoganda
na hakuwahi kuipenda Z.*

Basurto.
Herufi moja.
Wakamtafuta kwenye S, wakamkuta
katika daftari la hospitali ya vitani,
ghala jingine, mbali na ule moto,
kajilaza humo miaka yote
mtu mwingine kabisa,
mwenye jeraha la baba yangu.

Kifurushi kilifika Jumanne pamoja na bili ya gesi.
Nishani imo kashani, moyo wa zambarau.
Hakulifungua kasha.
Alichukua hati, akaipeleka dirishani,
akaomba miwani, kisha akaomba ile nyingine.
Kidole kikashuka kisanduku kwa kisanduku
hadi ishirini na saba.
Neno lile halipo.

Nilikuwa nimejiandaa kulia.
Kidole hakikusimama.
Kikateremka hadi mstari wa majeraha,
penye tarehe.
"Kumi na tisa," akasema.
"Februari, kumi na tisa."
Nikadhani anasoma tu.
"Basi Delfino naye alikufa kumi na tisa.
Tulikuwa shimo moja.
Miaka yote hii namwashia mshumaa kwa kubahatisha,
siku yoyote ya Februari yenye upepo."

Akaomba kalenda ya jikoni, ile ya duka la matairi,
na kalamu isiyofutika.

Baadaye, nikiikunja hati, nikaona:
macho, wameandika, ya buluu.
Baba ana macho ya kahawa isiyotiwa maziwa.
Nikauliza kama niwaandikie.
"Iache," akasema,
"wasije wakadai eksirei."