Daftari la Kamongo

Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri
nilipewa daftari, sikupewa koleo.
Khavere alipewa nyaya. Akeyo, bisibisi.
Kwamboka, bintiye fundi wa mageti pale Kibuye,
alipewa moto.

Ukurasa wa kwanza.
Mitungi minne ya manjano, ingali inanuka mafuta ya kupikia.
Mota ya waipa, kutoka Probox iliyobingirika Mamboleo.
Mnyororo wa baiskeli.
Betri ya pikipiki, ya kuazima, irudi kwa mwenyewe Jumatatu alfajiri.
Kamera, jicho la omena.
Jina lake Kamongo:
samaki wa topeni, maji yakikauka
yeye hujifukia, husubiri.

Ukurasa wa nne.
Tumemshusha mtoni Auji, chini kidogo ya daraja la Nyalenda.
Kazunguka mara tatu, kama anayetafuta ufunguo,
kazama.
Watoto wa ng'ambo wamepiga makofi.
Mwalimu Ogweno kasema: kuzama nako ni matokeo.
Akeyo kasema matokeo hayakaushi betri.
Nimeandika yote mawili.

Ukurasa wa saba una tope, hausomeki,
ila maneno ya Mama Atis, anayelima nduma ukingoni:
"Huyo wenu anakula nini?"
"Takataka, mama."
"Basi kafika mezani."

Ukurasa wa kumi na moja. Ameelea.
Taya limefunguka, limefumba. Chupa.
Limefunguka, limefumba. Slipa ya kushoto.
Kwamboka katokwa na machozi, kasingizia moshi,
na siku hiyo hatukuchoma kitu.

Kila akilacho Kamongo hukipiga picha,
hukitia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.
Jumamosi jioni tukaifungua maabarani, taa moja ikipepesa.
Chupa mia na kumi na mbili.
Slipa ishirini, kumi na nane za kushoto.
Kisha maziwa. Pakiti za maziwa ya saa nne,
mia mbili, mia tatu, mia tatu na tisini, bado.
Khavere akaikuza picha moja.
Juu ya pakiti, kwa wino mzito: Nafula, Bweni la Elgon.
Akakuza ya pili: Chelagat, Elgon.
Herufi zimelalia upande mmoja, mkia wa g umejikunja.
Hakuna aliyesema.

Mimi ndiye huandika majina bwenini, maziwa yasiibwe.
Ujira: andazi moja kwa pakiti ishirini.
Tukishakunywa twatupa shimoni nyuma ya jiko.
Masika yakija, shimo hufurikia mtaroni,
na mtaro hauna pengine pa kwenda.

"Zifute hizo tu," Akeyo akanong'ona.
"Waamuzi wanakuja Alhamisi. Nani atajua?"
Kidole cha Khavere juu ya kitufe.
Wote watatu wakanigeukia, eti mimi ndiye mwenye daftari.

Ukurasa wa kumi na nne.
Maziwa: mia nne na sita.
Mwandiko: wangu.

Waamuzi walikuja, walisoma, mmoja alikohoa.
Tukawa wa tano.
Siku hizi saa nne nasimama mlangoni mwa jiko na gunia;
naitwa Karani wa Maziwa. Wanacheka, wanatia.
Wengine hawatii.
Shimo limefukiwa nusu, nusu ya pili yangoja bajeti.

Ukurasa wa kumi na tisa. Mvua usiku kucha.
Kamongo kashinda mtoni hadi betri ikaisha.
Maziwa: thelathini na moja.
Nilitaka kuongeza "tu".
Sikuongeza.