Wenyeviti

Tulijihesabu alfajiri, nje kidogo ya Caracollo:
viti arobaini na kimoja, magongo jozi sita,
na Casilda Ticona, asiye na kiti wala gongo.
Yeye ana ubao wenye magurudumu ya toroli la sokoni
na viatu vya viganja, vilivyokatwa kwenye tairi la lori.
Barafu ilikuwa bado imeing'ang'ania lami.
Nicanor akapuliza vidole, akapaza sauti:
"Haya! Miguu, mbele!"
Tukacheka hadi pumzi zikatuishia,
maana huku juu Bolivia
hewa hupimwa kwa kijiko.

Watu huuliza, ninyi mnaandamanaje?
Kana kwamba kuandamana ni kazi ya nyayo.
Kuandamana ni kuandamana tu:
huyu kumwandama yule,
mkono wangu kwenye mgongo wa kiti chako,
jasho lako likinirukia usoni kwa upepo.

Uti wangu ulivunjika mgodini, kwenye bati.
Kampuni ikanipa blanketi na barua.
Blanketi ninalo, ndilo hili magotini.
Barua niliisoma mara moja.

Siku ya tatu mpira wa kushoto ulipasuka mara nne.
Fundi wetu ni Eulogio, asiyeona.
Huutumbukiza mpira ndooni, huinamisha sikio,
huyasikiliza mapovu.
"Hapa," husema. Na huwa ni hapo.

Patacamaya, mwuza supu mmoja
alitutazama, akajishika kifua:
"Wanangu, hujafa hujaumbika."
Casilda akausimamisha ubao wake katikati ya barabara:
"Basi mama, nawe ungali waumbwa. Njoo usukume."
Akaja! Kilomita nzima,
mjukuu mgongoni ndani ya kitambaa cha rangi zote,
akinisukuma mimi, akimlaani waziri
kwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

Hatukuja kuomba huruma, huruma tunayo ghalani, imeoza.
Tunadai posho ya mwezi,
ili dada yangu aache kuchagua
kati ya kibarua chake na kuninawisha.
Tunadai njia ya mteremko penye ngazi.
Shule ya binti yangu Nayra ina ngazi kumi na mbili.
Siku ya wazazi nasimama uani,
nakisikiliza kikao kupitia dirishani.
Nasimama, nimesema.
Tazama ulimi ulivyozoea kukodi miguu ya watu.

Kupanda hakukututisha. Kushuka, ndiko.
La Paz imekaa chini ndani ya bakuli,
na barabara inajimwaga humo kama maji ya kuogea.
Tulifungana kamba, wa nyuma breki za wa mbele.
Viganja vya Nicanor vilichunika.
Hakuna aliyeachia. Mmoja alilia, ndiyo,
alikuwa mimi.

Mbele ya uwanja wa ikulu tukakuta uzio wa chuma,
ngao, kofia ngumu, mbwa wawili.
Ofisa akatoa kalamu, akauliza:
"Mwenyekiti wenu nani?"
Mikono arobaini na mmoja ikapanda juu.
Casilda naye akaupandisha wake.
"Wewe huna kiti," Nicanor akamnong'oneza.
"Ndicho nilichokuja kudai."

Usiku mvua ilinyesha kwa upande.
Kiatu kimoja cha kiganja kilisombwa chini ya uzio.
Askari mmoja, ndevu zake bado fununu,
akatazama nyuma, akatazama tena,
akainama, akakipenyeza kwenye nondo bila neno.
Sijui jina lake. Asubuhi alikuwa amesimama palepale,
ngao yake imeinuliwa kama za wengine.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Lango halijafunguliwa.
Waziri amesafiri, wanasema; jana walisema anaumwa.
Nayra ameniletea soksi, na mkate wenye anisi.
Nyuma yangu nasikia ndoo ikiburutwa.
Eulogio ameinamisha sikio tena.
Nyamazeni kidogo,
anatafuta panapovuja.