Kila Nyumba ya Saba

Igombe, saa mbili asubuhi. Naanzia kwa fundi nyavu,
nahesabu milango: wa saba ndio wangu.
Bibi Nyanzobe anaanika dagaa, hataki kunyoosha kidole.
"Sikuumwa mimi. Kile kikohozi kilikuwa moshi tu."
Tone moja. Dakika kumi na tano.
Kistari cha pili kinajitokeza, chembamba kama mwiba.

Mwili una daftari lake.
Mgeni alipita usiku, akala, akaondoka;
kingamwili bado zinaijua sura yake,
mwenye nyumba hana habari.

Zahanati iliandika wagonjwa kumi na wanne.
Damu, hadi jana, imenitajia mia mbili na sita
katika vidole mia sita.
Kipimo nacho huteleza: humsingizia huyu, humsahau yule,
basi tunapunguza, tunaongeza,
tunaacha nafasi ya kukosea pande zote mbili.
Bujiku, mwenzangu, anaiita hesabu ya ukungu:
kisiwa hukioni, ila unajua kiliko
kwa ndege wanaotokea huko.

Nyumba ya saba kule juu, mawe yanakoanzia,
ina kufuli. Jirani anasema walihamia Kayenze
baada ya matanga.
Fomu ina kisanduku: hayupo.
Haina pa kuandika alikwenda wapi.

Natia alama. Utaratibu unasema: mlango unaofuata.
Ziwa limetulia, vichupa vinagongana kwenye kibebeo,
na mimi, niliyemwosha mama mwezi Machi ule ule,
sijajichoma kidole bado.