Nusu Siku, Duluti na Tengeru

Karatasi ya ofisi imeandika: ndege, kisha makaburi.
Nusu siku. Maji ya kunywa, chupa mbili.
Njia hii nimeizoea kama ulimi ulivyozoea pengo.

Kwanza ziwa. Namwonyesha kenge
aliyeanika tumbo juu ya gogo,
mnandi katandaza mbawa kama fundi anayepima kitambaa,
mbega mringaringani, mkia mweupe ukining'inia.
Nasema kina chake hakijulikani, kama tunavyowaambia wote.
Anaitikia kwa kichwa. Hapigi picha.

Anatoka kisiwani, kaskazini ya mbali,
ambako, anasema, mwezi wa sita jua halitui
na ndege hutaga mwambani kwa maelfu, wakigombana usiku kucha.
Mama yake ndiye aliyekuwa wa hapa.
Wa hapa? Nageuka.
"Miaka sita. Nyumba ya duara, ya udongo. Namba aliisahau."

Tunavuka kahawa mpaka kwenye ukuta mweupe.
Anaeli, mlinzi, funguo kazifunga kwenye leso.
Hapa huwa nina maneno yangu:
walitolewa kwao, wakatupwa kwenye theluji,
wakashukia Uajemi, wakapanda meli,
maelfu, wengi watoto na mama zao.
Leo maneno yananikwama kama kiporo kikavu.

Maana miaka ileile babu yangu, Nderingo,
alipakiwa kwenye lori la Keya, safari ya Burma,
kupigania jambo ambalo hakuulizwa.
Alirudi na blanketi moja na woga wa mvua.
Labda malori yalipishana pale Usa,
lake likitoka, lao likiingia,
vumbi lilelile likiwapaka wote.
Simwambii. Haimo kwenye karatasi.

Anapiga magoti. Anahesabu vikaburi vifupi
kwa Kiswahili alichorithi
kama watu wanavyorithi vijiko:
moja, mbili, tatu.
Kwenye saba anasimama.
Mama alikuwa akiishia hapo, anasema,
akichota unga, akimfunga vifungo vya koti.
Zilizobaki, alisema, nimeziacha Tengeru.
Ananitazama.

Kuwa na jibu ndiyo kazi yangu.
Mlima Meru umejivuta shuka hadi kidevuni.
"Nane," nasema.
"Nane," anasema, na kugusa jiwe linalofuata,
nami naendelea naye, tisa, kumi,
taratibu, mpaka nusu siku ikatupita
na ofisi ikapiga simu mara mbili.